Uvimbe wa kansa hauvuti bomba peke yake, majirani wanausaidia

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, maana hii mada inatuhusu wote, hata wewe uliyekaa hapo kwenye kompyuta unahesabu dakika zako.

Huku kwetu Ilemela, kuanzia Kirumba mpaka Igombe, mama akisema ana kinundu kwenye titi anaulizwa kwanza, "Kinauma?" Akijibu hakiumi, anaambiwa si kitu, kitaisha chenyewe. Jamani, hapo ndipo tunapopotea! Kansa ya titi mara nyingi inaanza bila maumivu, na kinundu chake mara nyingi ni kigumu kama kokoto. Ugumu huo unatoka wapi? Mimi si daktari, nimeishia form four, ila nimesoma na nitaeleza kwa lugha yetu.

Kila kiungo kina tishu unganishi, yaani nyuzinyuzi zinazoshikilia vitu pamoja. Nyuzi hizo ni za kolajeni, na seli zinazozifuma zinaitwa faibroblasti. Ukijikata na kisu wakati unaparua sato, hizo seli zinakimbilia kidonda, zinafuma nyuzi mpya na kuita mishipa ya damu iote. Kidonda kikifunga, zinatulia.

Sasa kansa inatumia mlango huohuo. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe usioota mishipa ya damu unakwama kwenye milimita chache tu. Ni kama mtu aliyejenga juu ya mawe pale Kitangiri: bila bomba kupanda mlimani, haongezi vyumba. Na bomba hilo uvimbe hauvuti peke yake. Mwaka 1986 Harold Dvorak aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona. Faibroblasti za jirani zinafanya kazi kama vile kuna jeraha: zinafuma kolajeni bila kupumzika (ndiyo ule ugumu) na kutoa kemikali kama VEGF inayoita mishipa.

Ushahidi upo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapandikizia panya seli za kansa ya titi zilizochanganywa na faibroblasti. Faibroblasti zilipotoka ndani ya uvimbe wa wagonjwa, kansa ilikua zaidi na kuota mishipa mingi kuliko zilipotoka kwenye titi lisilo na kansa.

Mishipa yenyewe ni ya hovyo, imepinda na inavuja. Nyuzi ngumu zinaibana, kwa hiyo hata dawa ya dripu inapenya kwa shida. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu bevacizumab, dawa inayoikamata VEGF. Inasaidia baadhi ya kansa, lakini haimalizi kazi, kwa sababu ukifunga bomba moja majirani wanaweza kuvuta lingine.

Ndio maana nasema muda ni kila kitu. Si kila kinundu ni kansa, vingi siyo. Lakini kigumu kisichouma ndicho cha kukimbiza hospitali, siyo cha kusubiri wala kupaka mitishamba. Zamani ukihitaji mionzi safari ilikuwa Ocean Road, Dar. Siku hizi Bugando ipo hapahapa mjini na mionzi wanatoa.

Mwambie mama, shangazi na dada leo leo. Wenye utaalamu, karibuni kwenye maoni hapo chini mtuongezee.