Baridi Yabisi na Unyumbufu wa Mapigo ya Moyo: Suala la Istilahi

Jina baridi yabisi limeundwa kwa maneno mawili yenye asili ya kigeni: baridi, na yabisi, yaani kikavu au kigumu. Katika tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, ubaridi na ukavu ulihesabiwa miongoni mwa tabia nne zitawalazo mwili. Kwa hiyo jina hili halitaji maradhi tu, bali labeba nadharia ya chanzo chake; na huko Tosamaganga, katika nyanda za juu za Iringa, ambako kipupwe cha Juni na Julai ni kikali, nadharia hiyo husadikika kwa urahisi.

Jina hilo hutumika kwa maumivu mengi ya viungo. Hapa lakusudiwa lile ambalo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Madhara yake hayaishii vidoleni na magotini, bali huweza kuufikia moyo na neva ziuongozao pasipo hiari ya mtu.

Neva hizo ni za namna mbili: zichocheazo na zitulizazo. Kwa mtu mzima wa afya, mapigo huharakishwa kidogo avutapo pumzi, na hupungua kasi aitoapo. Mapigo 60 kwa dakika hayana maana ya sekunde moja kamili kati ya pigo na pigo. Kanuni za kupima jambo hili zilitolewa na wataalamu wa Ulaya na Marekani mwaka 1996. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kwa wagonjwa wa baridi yabisi kupishana huko hupungua, dalili kwamba neva zitulizazo zimelegea. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya wagonjwa 17 waliosisimuliwa neva ya vagasi kwa umeme, na maradhi ya baadhi yao yakapungua.

Ugumu umo katika kulitaja jambo hili. Hitilafu ni tofauti, lakini pia ni kasoro. Mabadiliko ya mapigo nayo yadokeza ugonjwa. Mgonjwa azungumzaye Kihehe nyumbani na Kiswahili mbele ya daktari, akiambiwa kwamba hitilafu za mapigo yake zimepungua, atashukuru, ilhali habari ni mbaya. Yafaa basi kusema unyumbufu wa mapigo: kinyumbukacho ni kizima, na kilichopoteza unyumbufu hutambulika mara moja kuwa kimedhurika.