Mgonjwa Akirudishwa Nyumbani, Nani Anaendelea Kumhudumia?

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, hulazwa siku kadhaa, pengine wiki chache. Kisha huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki. Kuanzia hapo, kumgeuza kitandani, kumlisha, kumwogesha na kumbadilisha nepi huwa kazi ya jamaa zake, na kazi hiyo inaweza kudumu miaka. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye saratani iliyosambaa mwilini, kwa mwenye kisukari aliyekatwa mguu, na kwa mzee aliyeanza kusahau majina ya watoto wake.

Mzigo huu mara nyingi humwangukia mtu mmoja, tena mwanamke: binti aliyebaki nyumbani, mke wa mwana, au mke wa mgonjwa ambaye mwenyewe ameshapita miaka sabini. Wengi huchukulia kwamba hayo ni mambo ya familia peke yake. Sheria haisemi hivyo.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na usaidizi wa kadiri kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Wote wawili wametajwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumwachia mwenzake. Mzee, kwa mujibu wa Katiba hiyo, ni mtu yeyote aliyefikisha miaka 60. Sheria ya Afya ya 2017 nayo, katika kifungu cha 5, inaeleza kuwa haki ya afya haiishii kwenye kinga na tiba. Inajumuisha pia huduma za kurekebisha viungo na huduma shufaa, yaani huduma za kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hauponi. Na kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti vituo vya afya na huduma za afya ya msingi, sehemu kubwa ya wajibu huo iko katika makao makuu ya kaunti wala si Nairobi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Hapa kuna jambo linalowanasa wengi mlangoni mwa hospitali. Mchango wa mtu humhudumia yeye mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa na watoto wanaomtegemea. Mama mzazi hahesabiwi humo, hata kama anaishi katika boma hilohilo na kula chakula cha chungu kimoja. Mzazi lazima asajiliwe kivyake, kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa kijiji. Mtoto anaweza kumlipia. Kiwango cha chini kwa asiye na mshahara ni Sh300 kwa mwezi, sawa na Sh3,600 kwa mwaka. Akishasajiliwa tu, hata kabla ya mchango kulipwa, huduma za zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kulazwa hospitalini ndiko kunakohitaji mchango uwe umelipwa, na kwa magonjwa sugu, bima hiyo ikimalizika, sheria imeweka Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi iendelee kulipa.

Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliofikisha miaka 70 na kuandikishwa Sh2,000 kwa mwezi. Pesa hizo husaidia, ingawa yeyote aliyewahi kununua nepi za mtu mzima anajua hazifiki mbali.

Wanaoweza kufika hadi kitandani kwa mgonjwa ni wahudumu wa afya ya jamii, wanaojulikana vijijini kama CHP. Takriban 100,000 kati yao kote nchini walikabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023, na Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka huohuo inawatambua rasmi. Posho yao ya Sh5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Kila mmoja hutarajiwa kutembelea kaya 100 hivi. Ana kipimo cha presha na cha sukari, na anaweza kumwonyesha binti wa mgonjwa jinsi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Lakini yeye si muuguzi. Hawezi kubadilisha mpira wa mkojo wala kusafisha kidonda kilichofika mfupani. Kazi hiyo inahitaji muuguzi wa zahanati atoke nje ya zahanati, naye hawezi kutoka ikiwa yuko peke yake zamu nzima au pikipiki haina mafuta.

Jambo lililoachwa nyuma zaidi ni maumivu. Mofini ya maji, ya kunywa kwa mdomo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sheria ya 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inairuhusu itumike kwa matibabu ikiandikwa na daktari. Hata hivyo watu huiogopa. Familia hudhani kwamba ikitajwa, mgonjwa ameshakatiwa tamaa, au kwamba atageuka mraibu. Ikitolewa kwa kipimo na kufuatiliwa, dawa hii humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na watu wake. Usumbufu wake wa kawaida ni kufunga choo, na hilo lina dawa. Uganda, ambako Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, iliruhusu mwaka 2004 wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asimsubiri daktari. Kenya ina Sera ya Huduma Shufaa ya 2021 hadi 2030. Katika eneo hili, Meru Hospice na Embu-Mbeere Hospice hutoa huduma hiyo na kufundisha familia. Ila mgonjwa wa Mutuati au wa Ishiara bado yuko mbali, na anayefunga safari kufuata chupa ya dawa ni yuleyule aliyestahili kubaki naye kitandani.

Umbali huo unapunguzwa kwa bajeti. Katika vikao vya wadi, 45 Meru na 20 Embu, maombi ya kawaida ni barabara, maji na jengo jipya la zahanati. Jengo huonekana na hufunguliwa kwa sherehe, ila mafuta ya pikipiki ya muuguzi hayana utepe wa kukatwa. Anayetaka huduma za nyumbani zitengewe fedha inafaa aombe vitu vinavyoweza kuhesabiwa: siku ngapi kwa mwezi muuguzi atatembelea wagonjwa, mofini ipatikane katika vituo vipi, viti vya magurudumu vingapi vya kuazimana.

Tarehe nazo zina maana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi linaloletwa Juni huwa limechelewa, kwa kuwa fedha zimekwisha kugawanywa.

Asiyesikilizwa katika kikao cha wadi bado ana njia nyingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, bila kuhitaji wakili. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likiwa na majina na nambari za vitambulisho vya wanaoomba, na kupelekwa kwa karani wa bunge. Asiyeweza kushika kalamu anaweza kuweka alama ya kidole gumba.