Maji ya Kijani: Twahara, Usalama na Wajibu Wetu

Kila masika yanapokwisha na jua kurejea, sisi wa kamati za misikiti huulizwa swali lile lile: tangi la udhu limefanya utando wa kijani, je, maji yake yanafaa? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi walikwisha kulijibu. Maji yaliyobadilika kwa mwani uliomea humo wenyewe, au kwa kutuama muda mrefu, hubaki kuwa twahara na yenye kutwaharisha, kwa sababu ni vigumu kuyaepusha na hali hiyo.

Hata hivyo, kufaa kwa udhu ni jambo moja na kufaa kwa kunywa ni jambo jingine. Utando ule ni mkusanyiko wa viumbe wadogo mno, ambao mmoja mmoja hawaonekani kwa macho. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nao huliwa na wadudu wa majini, ambao huliwa na samaki. Joto, chumvi au mbolea ya majini ikibadilika, aina moja hupungua na nyingine hutawala.

Ushahidi tunao hapa Afrika Mashariki. Heroe wadogo, ambao wengi wao duniani huzaliana Ziwa Natron, hula mwani wa maji ya magadi. Ziwa Nakuru, nchini Kenya, lilipofurika miaka ya karibuni, magadi yalizimuliwa, mwani huo ukapungua, na ndege wengi wakahama. Mwaka 2004, heroe walikufa kwa maelfu katika Ziwa Manyara, na watafiti wakavihusisha vifo hivyo na sumu itokayo kwa baadhi ya aina za mwani.

Na huku kwetu? Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji, na Kizinga na Mzinga inapita Temeke, yote ikiishia baharini kwenye mikoko. Mvua kubwa ikinyesha, wapo miongoni mwetu wanaotapisha vyoo ili uchafu uchukuliwe na maji. Uchafu huo, pamoja na mapovu ya sabuni, ni mbolea kwa mwani. Mwani hustawi kupita kiasi, kisha hufa na kuoza. Uozo huo humaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa haja ndogo ya mtu mmoja imekatazwa, tuseme nini kuhusu choo kizima kinachofunguliwa usiku kuelekea kwa jirani wa bondeni?

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tangi la msikiti lifunikwe mwanga usiingie, maana bila mwanga mwani haumei, na lisuguliwe mara kwa mara. Maji ya kijani yasinywewe. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya mwani. Choo kilichojaa kiitiwe gari la kunyonya, na asiyekuwa na uwezo majirani wamchangie, kama tunavyochangiana katika misiba. Wa bondeni naye ana haki ya ujirani.