Mtini juu ya jiwe: Biashara ya miaka, si ya msimu

WATU wa milima ya Kasulu na Kibondo hawahitaji kufundishwa kuotesha mtini pori. Tawi hukatwa na kuchomekwa mpakani mwa shamba au kwenye uzio mvua zinapoanza, na baada ya wiki chache hutoa majani. Kando ya vijito vyenye miamba, mti huo hufanya jambo jingine. Mbegu inayodondoshwa na ndege au popo huota kwenye ufa wa jiwe, na mizizi huteremka ikilikumbatia jiwe mpaka ifike ardhini.

Umbo hilo la mizizi iliyoshika jiwe ndilo linalotafutwa na wapenzi wa bonsai, yaani miti iliyodumazwa kwa makusudi ikakua ndani ya chungu kifupi. Sanaa hiyo ilianzia China ikakuzwa Japani, na Wajapani wana jina maalumu la mti wa namna hii: sekijoju. Huko nje mtu hulipia mti kama huo kwa kuwa umemgharimu mtunzaji miaka mingi. Huku Kigoma mti na jiwe ni vya bure. Swali la kibiashara ni kama mkulima anaweza kumudu vile viwili ambavyo si vya bure, yaani muda na maji ya kiangazi.

Mtini pori si mti mgeni katika biashara. Aina mojawapo, Ficus natalensis, ndiyo mutuba wa Baganda, unaochunwa gamba na kugongwa mpaka liwe nguo. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia usioshikika. Aina hiyo hiyo hutumiwa sana na watengenezaji wa bonsai wa Afrika Kusini, kwa sababu hustahimili kukatwa mizizi na matawi, jambo ambalo miti mingi haivumilii.

Kazi huanza na jiwe. Lifaalo ni gumu, lenye mifereji na mikunjo ya kushika mizizi, na lisilomumunyuka kwa mvua. Mawe ya mchanga mgumu yanafaa. Jiwe jekundu linalovunjika kwa vidole liachwe, maana baada ya miaka mitatu mizizi itabaki imekumbatia hewa. Jiwe laini na la mviringo kama yai nalo ni la kuepuka, kwani mizizi huteleza pembeni.

Baada ya jiwe hufuata mche, na hapo ndipo wengi hukosea. Kijiti kinene cha uzio hushika haraka, lakini mizizi yake hutokea kwa fujo kwenye mduara wa mkato. Kwa kazi ya jiwe inatakiwa mizizi mirefu na michache. Kipandikizi cha unene wa penseli, chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, huachwa kwanza utomvu mweupe ukauke, kisha hupandwa kwenye kiriba kirefu na chembamba au chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Mizizi ikikosa nafasi ya kwenda pembeni huenda chini. Utomvu huo huwasha ngozi na macho, hivyo mikono ioshwe kila baada ya kukata.

Mche ukishafikisha mizizi ya urefu wa jiwe, huoshwa udongo wote na kukalishwa kileleni. Mizizi hupangwa mmoja mmoja kwenye mifereji, ile inayopishana ikiondolewa, kisha hupakwa tope la mfinyanzi lililochanganywa na mboji ili isikauke. Kinachofuata ni kufunga. Fundi haitaji kununua kitu cha pekee: tyubu kuukuu ya baiskeli ikikatwa vipande vyembamba hufanya kazi nzuri kuliko kamba, kwa sababu huubana mzizi kwenye jiwe na bado hunyumbuka unaponenepa. Waya haufai hapa, kwani huingia ndani ya gamba.

Jiwe lote na mizizi yake huzikwa kwenye ndoo au debe lenye matundu chini, likibaki shina tu juu. Hapo mti huachwa mwaka mmoja hadi miwili bila kukatwakatwa juu. Hili ni gumu kwa mtu mwenye haraka, maana mti huonekana kama kichaka. Lakini kila jani lililoko juu ndilo linalonenepesha mzizi ulioko chini, na anayepogoa mapema hupata kijiti kizuri chenye mizizi kama nyuzi.

Kufunua jiwe ni hatua inayoua miti mingi kuliko zote. Udongo hupunguzwa kutoka juu, upana wa vidole viwili kwa mara moja, kisha husubiriwa wiki kadhaa ili mzizi uliotoka gizani uote gamba. Kazi hiyo ifanyike wakati wa mvua. Anayefunua jiwe zima kwa siku moja mwezi Julai, upepo mkavu wa milimani ukivuma, ataona majani yakidondoka ndani ya siku chache, na miaka miwili ya kazi itakuwa imekwenda.

Ndipo hufika zamu ya kuunda umbo. Shina hukatwa juu ya tawi linaloelekea upande unaotakiwa. Matawi yanayokua moja kwa moja kuelekea juu, yanayokuja ndani na yanayokatana huondolewa. Yaliyobaki huinamishwa kwa waya laini wa shaba au aluminiamu, au huvutwa chini kwa kamba iliyofungwa kwenye jiwe. Mtini hukua kwa kasi, hivyo waya ukaguliwe kila wiki. Alama ya waya kwenye tawi hupunguza thamani kwa miaka. Vitabu vingi hufundisha umbo la msonobari wa Japani. Hakuna sababu ya kulifuata. Mtini uliokomaa katika nchi hii hutandaza matawi kama mwavuli, na mti mdogo unaoiga mwavuli huo huonekana wa kweli zaidi.

Chungu cha mwisho kiwe kifupi na kipana, chenye matundu makubwa chini. Wafinyanzi wa vijijini wanaweza kukitengeneza, mradi matundu yatobolewe kabla ya kuchoma. Udongo wa shambani peke yake haufai, kwa kuwa hushikamana na kuozesha mizizi. Mchanganyiko mzuri hutengenezwa kwa tofali la kuchoma lililopondwa, mchanga mkubwa na mboji iliyooza vizuri, vyote vikiwa vimechekechwa kuondoa vumbi. Vipande vya matofali hupatikana penye kila tanuri. Mizizi ya chini hupunguzwa kiasi cha theluthi moja, na jiwe hufungwa kwa waya unaopita kwenye matundu ya chungu. Jiwe linalotikisika hukata mizizi mipya kila linapoguswa. Mti huwekwa kivulini wiki mbili au tatu na haupewi mbolea kwa mwezi mzima.

Sasa yafaa kupiga hesabu ya maji. Mvua za milima hii huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei. Chungu kifupi hakihifadhi unyevu, hivyo kiangazi mti hunyweshwa kila siku. Tukikadiria nusu lita kwa mti, miti 100 inahitaji lita 50, yaani debe mbili na nusu kwa siku. Kwa siku 120 za Juni hadi Septemba ni lita 6,000, sawa na debe 300. Katika kaya nyingi debe hizo hubebwa na mama au watoto wa kike kutoka kisimani, na kazi hiyo haionekani kwenye hesabu ya faida ya mwenye kitalu. Asiye na kisima karibu au tangi la kuvunia maji ya bati aanze na miti kumi. Miti 100 si ya kujaribia.

Wala asiache maharage na muhogo. Mti ulioanzishwa leo huenda sokoni baada ya miaka minne au mitano, na ada ya shule haingoji. Njia ya busara ni kuanzisha miche michache kila msimu wa mvua, ili mwaka wa tano uwepo mti wa kuuza na mingine nyuma yake. Kiangazi kuna adui mwingine, moto wa nyasi. Kitalu kizungushiwe ardhi iliyolimwa.

Miche itokane na vipandikizi vya shambani. Anayetamani mti mzee ulioota kwenye mwamba ndani ya hifadhi akumbuke kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali, na mti wa namna hiyo ukitolewa mwambani mara nyingi hufa njiani.

Soko liko mbali, kwenye hoteli, ofisi na bustani za Mwanza, Arusha na Dar es Salaam. Anayewaza kuuza nje ya nchi apite kwanza kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa ajili ya cheti. Ajue pia kuwa nchi nyingi hazipokei udongo, hivyo mizizi huoshwa kabla ya safari.

Kwa wanunuzi wa ndani, miti isafirishwe usiku ndani ya kreti la mbao, chungu kikibanwa kwa majani makavu ya migomba na mizizi iliyoko juu ya jiwe ikifunikwa gunia lililoloweshwa. Dereva aambiwe asiipakie juu ya paa la basi, kwani upepo wa safari nzima hukausha majani kuliko wiki ya jua.