Magemu ya kilimo: hela yako ya kwanza iende wapi?



Kuna swali moja vijana wanaocheza magemu ya kilimo wanauliza kila siku: "Oya, nianze na zao gani nitoke haraka?" Na jibu wanalopewa karibu kila mara ni kutajiwa zao lenye bei kubwa kuliko yote. Jibu hilo linawachemsha wengi. Leo naleta hesabu yenyewe, na nawaomba msome mpaka mwisho, maana hesabu hii hii ndiyo inayotumika kuwaliza watu hela za kweli.

Natumia Stardew Valley, gemu lililotoka 2016, kazi ya jamaa mmoja anaitwa Eric Barone. Nimelichagua kwa sababu bei zake ziko wazi. Unaanza na hela 500 na nguvu 270 kwa siku. Msimu mmoja ni siku 28, basi.

KWANZA: JUA UMEPUNGUKIWA NINI

Parsnip (mboga ya mizizi, jamaa yake karoti) mbegu ni 20, unauza 35, inakomaa siku 4. Koliflawa mbegu ni 80, unauza 175, inakomaa siku 12. Ukiangalia faida kwa shimo moja, koliflawa inakupa 95 na parsnip 15 tu. Mtu anasema si ndiyo hiyo, koliflawa!

Subiri kwanza. Una 500 mfukoni. Koliflawa unapata mbegu 6, chenji 20. Baada ya siku 12 una 1,070.

Sasa parsnip. Kwa 500 unapata mbegu 25, siku ya 4 una 875. Unanunua 43, unafika 1,520. Unanunua 76, na siku ya 12 una 2,660. Hapo sijahesabu zile mbegu 15 za bure za mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu hela yako imezunguka mara tatu wakati ya mwenzako imelala ardhini.

Lakini usishangilie bado. Ukitaka kuendelea hivyo hivyo, 2,660 zinanunua mbegu 133. Kumwagilia shimo moja mwanzoni kunakula nguvu 2, kwa hiyo kila siku unamaliza 266 kati ya 270. Umekwisha! Hapo ulichopungukiwa si hela tena, ni mikono. Ndipo unapohamia kwenye koliflawa, maana sasa unataka kila ndoo ya maji ikulipe zaidi.

Kwa hiyo sheria ni hii: hela ikiwa haba, chagua kinachozunguka haraka. Nguvu au maji vikiwa haba, chagua kinacholipa zaidi kwa kila shimo.

PILI: KALENDA HAINA HURUMA

Blueberry ya kiangazi mbegu ni 80. Inakomaa siku 13, halafu unachuma kila baada ya siku 4, matunda 3 ya hela 50 kila moja. Ukipanda siku ya 1 unachuma mara 4, unapata 600. Ukipanda siku ya 15 unachuma mara moja tu, siku ya 28, unapata 150. Ukipanda siku ya 16 hupati hata senti, msimu umeisha na mti umekufa. Mbegu ni ile ile na bei ni ile ile, kilichobadilika ni tarehe tu.

Huku kwetu hili halihitaji maelezo. Tambarare ya Same iko upande ambao milima inaukinga na mvua. Tuna vuli na tuna masika, na ukichelewa kupanda mahindi mvua inakata yakiwa yanataka kutoa mbelewele. Hapo hata mbegu ya bei mbaya haikusaidii.

TATU: MAJI KABLA YA MAPAMBO

Hela ikishapatikana, vijana wengi wanakimbilia kupamba nyumba. Mimi nasema nunua maji. Mashine ya kunyunyizia ya daraja la pili inamwagilia mashimo 8 kila asubuhi bila wewe kugusa ndoo. Kumi zinamwagilia 80, yaani zinakurudishia nguvu 160 kila siku. Hakuna zao linalokupa faida ya namna hiyo.

Wazee wa Kipare walilijua hili zamani sana. Ndiva ni nini? Ni bwawa la kukinga maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu na yafike mashamba ya chini, kwa zamu. Ndiva yenyewe haiuzwi sokoni, lakini bila hiyo mashamba ya chini hayana cha kuuza.

NNE: USIUZE KIBICHI

Kwenye gemu, tunda likiingia kwenye pipa la kuchachushia linatoka mvinyo wenye bei mara 3, karibu wiki moja tu. Huku milimani tangawizi inakaa ardhini miezi 8 hadi 10, halafu ikitoka mbichi mkulima anasubiri mnunuzi atake bei yake. Ndiyo maana Mamba Myamba waliwekeza kwenye kiwanda cha kusindika tangawizi, na Anne Kilango Malecela alilipigia debe sana jambo hilo akiwa mbunge wa Same Mashariki. Wazo ni lile lile la pipa.

SASA HAPA NDIPO PENYEWE

Parsnip inakupa faida ya asilimia 75 kwa siku 4. Inawezekanaje? Kwa sababu duka la kwenye gemu linanunua kila kitu, kila wakati, kwa bei ile ile. Ukileta 10 au 1,000, bei haishuki. Hakuna dalali, hakuna lori lililokwama kwenye tope, hakuna kijiji kizima kilichovuna wiki moja na wewe.

Toa duka hilo na hesabu yote inaanguka. Mnakumbuka Mr. Kuku Farmers? Watu waliahidiwa faida ya asilimia 70 ndani ya miezi 4 kwa kuweka hela kwenye ufugaji wa kuku. Mwaka 2020 kesi ikaishia Kisutu kama biashara ya upatu. Waliotoa hela hawakuwa wajinga. Kwenye karatasi hesabu ilipanda vizuri kabisa, kama ya parsnip. Ila hakuna aliyejua nani ananunua kuku wote hao, kwa bei gani.

Kwa hiyo akija mtu na karatasi ya "heka moja, milioni kadhaa", iwe tikiti, iwe vitunguu, iwe kuku, muulize manne tu: hela inazunguka baada ya muda gani? Maji yanatoka wapi? Nani anafanya kazi kila siku? Na nani atanunua siku ambayo kila mtu anauza? Akijikanyaga kwenye hilo la nne, ujue anakuuzia gemu.

Kwenye kompyuta ukikosea unaanza upya. Mtaani huwezi kuanza upya, na mara nyingi hela yenyewe ni ya mama au ya kaka aliyeko Dar.

Haya wadau, wenye mahesabu tofauti karibuni hapo chini. Na kama kuna mtu analima Ndungu, Hedaru au kule juu Chome, atuambie hilo la nne yeye analijibu vipi. Nawasilisha.