Nilimng'arisha bi harusi hadi nyanyake akashindwa kumtambua

VIDEO ilikuwa imefika dakika ya nne hivi, kogo akainua mkono. Tulikuwa tumebanana sebuleni mwa boma moja karibu na Kedowa, watu zaidi ya kumi, kila mtu na kikombe chake cha chai, tukitazama kwenye runinga koito ya mjukuu wake iliyofanyika wiki mbili awali. Mimi ndiye niliyeihariri. Nilikuwa nimekaa pembeni nikisubiri sifa.

"Huyu msichana ni wa wapi?" kogo akauliza.

Watu wakacheka. Mama wa bi harusi akamjibu polepole, "Si ni mjukuu wako, kogo."

Kogo akasimama, akasogea hadi karibu na kioo, akatazama juu ya jicho la kushoto la huyo msichana. Pale palifaa kuwa na kovu. Alilipata akiwa mdogo, siku alipoteleza mtoni wakienda kuteka maji na huyo huyo kogo. Kwenye video yangu hakukuwa na kovu. Hata ule weusi aliorithi kwa babake haukuwepo. Kulikuwa na dada mweupe-weupe, laini kama kikombe kipya, aliyevalia nguo za mjukuu wake.

Kisha kogo akaona kibuyu kikimiminwa. "Na hata mursik umeiosha?"

Wanaojua mursik wanaelewa kwa nini watu waliangua kicheko. Mursik halisi ina ukijivu, kwa sababu ndani ya sotet hupakwa makaa ya mti wa senetwet. Yangu ilikuwa nyeupe pe pe pe kama maziwa ya paketi.

Wacha nieleze nilichofanya, maana vijana wengi tunaoshika kamera huku tunakifanya karibu kila Jumamosi. Mtu wa upande wa bwana harusi, ambaye ndiye alikuwa analipa, alinipigia simu. "Mng'arishe kidogo, bana. Hii inaenda Facebook." Kwangu mteja ni mfalme. Nikafungua programu kwenye simu, nikaenda kwa ile sehemu ya urembo, nikasukuma kimstari cha ngozi hadi karibu mwisho. Kingine cha mwanga nikakisukuma pia. Kazi nzima haikumaliza saa moja. Nikahifadhi video ya mwisho, nikaituma, nikafuta kila kitu kwenye kadi ya kamera kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja na kadi ninayo moja. Kumbuka hiyo kadi, nitairudia.

Si kwamba picha zangu zilikuwa safi kabla sijazigusa. Zilikuwa na shida, na shida hiyo ndiyo ilinipotosha.

Ukishuka kutoka Kedowa kuelekea Kericho mjini, chai inafunika vilima pande zote, na kila maarusi lazima apigwe picha ndani ya chai. Tatizo ni kwamba majani yale hurudisha mwanga wa kijani. Mwanga huo unapanda kutoka chini na kutua kwenye kidevu na shingo. Ngozi nyeusi huonyesha jambo hili zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiona ni mng'ao wa juu ya ngozi, na mng'ao hubeba rangi ya kitu chochote kilicho karibu. Ndiyo maana dada yako akipigwa picha kwenye chai anaonekana kama anaugua. Sasa mtoe kwenye chai umpeleke chini ya hema la buluu, unapata uso mwingine kabisa.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Jua la saa sita lina takriban 5500 kwenye kipimo cha Kelvin. Kivuli au ukungu wetu wa asubuhi unapita 6500 na kuvuta kwenye buluu. Balbu ya zamani ya nyumbani iko karibu 2800 na inavuta kwenye rangi ya chungwa. Ukiiachia kamera ijipangie rangi yenyewe, inabadilisha mawazo katikati ya klipu: bi harusi yuko mbele ya chai, uso unakuwa hivi, akigeukia ukuta wa mabati, uso unakuwa vile. Dawa yake haigharimu hata shilingi. Weka karatasi nyeupe pale mtu atakaposimama, pima nayo, ufunge hapo. Kwa simu, bonyeza usoni na ushikilie hadi ijifunge, la sivyo shela jeupe litaidanganya simu na uso utazama gizani.

Nami nilipoona uso wa kijani uliozama gizani, nikadhani ugonjwa ni weusi. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukijani.

Kinyume cha kijani katika rangi za mwanga ni majenta, ile rangi iliyo kati ya waridi na zambarau. Unachagua kidevu na shingo pekee, unasukuma kidogo sana kuelekea huko, unaacha. Ukisukuma picha nzima, chai yote inageuka kama imepigwa na baridi kali, na wakulima wa huku watakuuliza maswali.

Kuna kifaa ndani ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, kinachoitwa vektaskopu. Ni duara linaloonyesha rangi zote za picha yako kama wingu la vitone, na unaweza kuwasha mstari mmoja unaoonyesha pale ngozi ya binadamu inapofaa kuangukia. Nilipouona mara ya kwanza nilisema, huu ni mstari wa Wazungu. Sivyo. Ngozi ya mtu wa Norway na ya mtu wa Kipkelion zote hukaa karibu na mstari huo huo, kwa sababu zote zimejengwa kwa damu na melanini. Kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga kinachorudi. Kwa hivyo ukishaondoa kijani na buluu, vitone vikalala kwenye mstari, kazi ya kurekebisha rangi imeisha. Ukiendelea kupandisha weupe, unabadilisha mtu.

Mambo haya hayakuanza na sisi wa CapCut. Miaka mingi maabara za kusafisha picha zilitumia kadi ya Kodak iliyokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, kupimia kama rangi zimetoka sawa. Akitoka vizuri Shirley, basi. Watu weusi wakitoka macho na meno tu, hiyo ilikuwa shauri yao. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyeandika kuhusu kadi hizo mwaka 2009, anaeleza kuwa malalamishi yaliyosaidia kuisukuma Kodak kuboresha filamu zake yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao, waliotaka rangi za kahawia zionekane vizuri. Soma tena: chokoleti na meza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwelekezi wa filamu Jean-Luc Godard alipoenda Msumbiji alikataa kutumia filamu ya Kodak, akisema ina ubaguzi.

Siku hizi kampuni zimeamka kiasi. Oktoba 2021 Google ilileta Real Tone kwenye simu ya Pixel 6, na mwaka uliofuata ikatoa kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard. Ni vizuri. Lakini simu inaweza kukupa uso wa kweli saa nne asubuhi, na mhariri akaufuta saa nne usiku.

Lupita Nyong'o anajua. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada, likiwa limefuta sehemu ya nywele zake na kulainisha zilizobaki. Alilalamika hadharani, na jarida pamoja na mpiga picha wakaomba radhi. Huyo ni mshindi wa Oscar, na baba yake ni Gavana wa Kisumu, mji ambao barabara ya Kedowa inaenda kufikia. Bi harusi wangu hakuwa na wa kumlalamikia isipokuwa mimi, na hakulalamika. Aliniandikia tu kwenye WhatsApp: "Kwani nilikuwa mbaya?"

Nilikaa na ujumbe huo siku nzima bila kujibu.

Nikajaribu kurudisha. Hapa ndipo ile kadi inaingia. Picha asili zilikuwa zimefutwa na harusi nyingine kurekodiwa juu yake. Nilichobaki nacho ni video ya mwisho, na video ya kawaida ya simu ina hatua 256 pekee kwa kila rangi, kutoka giza hadi mwanga wote. Mashavu niliyoyapandisha yalikuwa yamefika juu kabisa na kukwama pale. Ukiyashusha hayarudi kuwa ngozi, yanakuwa kijivu bapa kama simiti. Na kovu, ambalo programu ililifuta kwa kulipaka rangi ya sehemu za jirani, halimo ndani ya faili. Hakuna kimstari cha kulirudisha.

Nikaomba kwenye kikundi cha familia: nani alirekodi chochote siku ile? Shangazi mmoja akatuma klipu aliyopiga akiwa ameketi nyuma, simu imeinama, kichwa cha mzee mmoja kikiziba nusu ya picha. Lakini bi harusi yuko, anapokea mursik kutoka kwa kogo. Uso ulikuwa wa kijani kabisa.

Nilifanya kazi usiku wote. Nikaondoa kijani shingoni, nikainua mwanga kidogo tu, kwa sababu ukizidisha kwenye klipu ya WhatsApp giza linajaa chengachenga. Sikugusa ngozi. Sikugusa mursik.

Siku hizi mteja akiniambia nimng'arishe mtu, namfanyia picha mbili zilizosimama, moja ya kurekebisha rangi na moja ya kung'arisha, namtumia mhusika mwenyewe achague. Si anayelipa. Chunusi ya wiki hii naweza kuiondoa bila kuuliza, kwa sababu hata yeye hataikumbuka. Kovu nauliza. Wapo wanaochagua weupe, na nawafanyia, nikiwa nimehifadhi picha asili kwenye diski ya pembeni. Kuna kazi mbili nimepoteza kwa utaratibu huu.

Nilipeleka ile klipu Kedowa mwenyewe. Kogo aliitazama kimya, akaweka kidole juu ya jicho la kushoto pale kwenye kioo. Akauliza kama naweza kuifanya ile ndefu iwe hivi. Nikamwambia haiwezekani.

"Basi rudia hii," akasema.

Ina sekunde 47. Tuliirudia mara nne.