Ufunge karakana uende Harvard? Piga hesabu kwanza

Saa nne usiku. Mafundi wameenda nyumbani, karakana inanuka gundi, na wewe bado umekodolea simu macho. Rafiki yako wa chuo ameweka picha akiwa mbele ya jengo la matofali mekundu huko Boston. Koti zito, tabasamu pana, na maneno matatu tu: "Ndoto imetimia, wasee!" Unatazama viatu ulivyopanga kwenye rafu, unajiuliza: na mimi je?

Tuseme biashara yako ni ya viatu vya ngozi, hapo Kariokor, Nairobi. Una mafundi watano, wateja wa mtandaoni na oda za viatu vya shule kila Januari. Lakini kwa miaka miwili sasa mauzo yamekwama palepale. Mjomba anakusukuma ukasome. Fundi wako mkuu hasemi kitu, ila ana watoto watatu na landilodi anayebisha mlango kila tarehe tano.

Tuanze na pesa. Harvard, karo ya shahada ya MBA ni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, yaani takriban Sh9 milioni, na masomo ni miaka miwili. Hapo hujalipa nyumba, chakula, bima wala nauli. Kutuma maombi pekee ni kama dola 250, na mtihani wa GMAT una ada yake. INSEAD ya Ufaransa humaliza kwa miezi 10 na Oxford kwa mwaka mmoja, kwa hivyo hukai nje ya soko muda mrefu, lakini bili bado ni ya mamilioni.

Hata hivyo, usitishwe na bei tu. Harvard hutoa msaada wa karo kwa kuangalia uwezo wa kifedha wa mwanafunzi, na mwaka wa 2022 ilitangaza kuwa italipia karo yote wale wenye uhitaji mkubwa zaidi. Oxford nako kuna ufadhili wa Skoll kwa wajasiriamali wanaotatua shida za jamii. Mfadhili wa karo unaweza kumpata. Wa kukulindia wateja wako Kariokor kwa miaka miwili, huyo hayupo.

Sasa jiulize shule hizi zinauza nini hasa. Kwanza ni masomo: uhasibu, masoko, kusimamia watu. Haya unaweza kuyapata Strathmore au Chuo Kikuu cha Nairobi, ukisoma jioni huku cherehani zikinguruma mchana.

Pili ni watu, na hapa ndipo shule kubwa zina nguvu. Sanergy, kampuni iliyoleta vyoo vya Fresh Life mitaa ya Mukuru, ilianzishwa na watu waliokutana wakisomea biashara MIT, Marekani. Darasa liliwapa washirika na milango ya wawekezaji. Tatu ni jina, ambalo humfanya mwekezaji asiyekujua ajibu barua pepe yako.

Lakini jina si sharti la kufaulu. James Mwangi alisomea biashara Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipojiunga na Equity mwaka wa 1993, ilikuwa taasisi ndogo ya mikopo ya nyumba iliyokuwa hoi kifedha. Leo ni miongoni mwa benki kubwa zaidi katika kanda hii.

Kwa hivyo andika kwenye karatasi kitu kimoja kinachozuia biashara yako kukua. Kama ni mtaji wa kununua mashine au deni la mteja mkubwa asiyelipa, MBA si dawa. Kama unataka kuuza nje ya nchi na humjui mtu yeyote huko, basi shule inaweza kuwa njia ya maana.

Kisha fanya jaribio. Chagua mwezi ambao oda ni chache, mkabidhi fundi mkuu funguo, daftari na mamlaka ya kununua ngozi, halafu wewe kaa kando. Usipige simu kila saa kuuliza soli zimefika. Ikiwa karakana itasimama kwa sababu haupo, kwenda ng'ambo kutaiua. Ikiwa itaendelea, una uhuru wa kuchagua.

Hata usipoenda, kujiandaa kuomba kuna faida. Shule nyingi hutaka watu wawili wakupendekeze. Wewe huna bosi, kwa hivyo itabidi mteja mkubwa au mwekezaji akuandikie. Je, yupo anayeijua kazi yako kiasi hicho? Utaulizwa pia kuhusu mauzo. Kama pesa za viatu na za kodi ya nyumba zinaingia simu moja, hutakuwa na jibu. Tenganisha leo.

Na kabla hujalipa ada ya maombi, keti na fundi wako mkuu mnywe chai. Mwambie unachofikiria, umuulize kama anaweza kuiongoza karakana, kwa mshahara gani na kwa hisa gani. Asijue mpango wako kwa kuona picha yako ukiwa Boston.